Kubwa kuliko nini?

Katika madarasa mengi ya awali kuna chati ya tembo na panya. Tembo kushoto, panya kulia, na chini yao maneno mawili kwa wino mzito: KUBWA, DOGO. Mwalimu anagusa kwa fimbo, watoto wanaitikia kwa sauti moja, na mgeni anayepita nje ataapa kuwa somo limeeleweka. Lakini itazame chati yenyewe. Mchoraji alikuwa na karatasi moja na wanyama wawili, akawagawia nusu kwa nusu. Panya kaijaza nusu yake kama tembo alivyoijaza ya kwake. Ukiwapima kwa shibiri, wamelingana. Mtoto anayejibu "tembo" hajalinganisha chochote. Amekumbuka tu alichowahi kusimuliwa juu ya tembo.

Kosa la chati hiyo ndilo kosa la mafundisho yetu mengi ya ukubwa: tunalifundisha neno "kubwa" kana kwamba ni sifa inayokaa ndani ya kitu, kama rangi. Wekundu wa kizibo cha soda hufuatana na kizibo popote kiendapo. Ukubwa haufanyi hivyo. Kikombe cha chai ni kikubwa kikikaa na kikombe cha kahawa, na dakika hiyohiyo ni kidogo kikisogezwa kando ya jagi. Kikombe hakijabadilika, kilichobadilika ni jirani. Sasa jambo lililo kati ya vitu viwili utalionyeshaje kwa kunyoosha kidole kwenye kimoja?

Hapo ndipo mikono inapohitajika. Jicho la mtoto wa miaka minne hutekwa na kitu kimoja kimoja. Mikono miwili ikishika vitu viwili, kimoja huwa kinamwambia habari za mwenzake.

Zana bora ya somo hili ninayoijua haiuzwi dukani kama zana. Ni seti ya sufuria zinazoingiana, zile ambazo mama hununua pamoja na kuzitunza zikiwa zimebebana. Jioni moja Tanga nilikaa uani nikimtazama binti wa miaka minne aliyepewa seti ya sufuria tano na bibi yake, ili atulie bibi amalize kukuna nazi. Alizimwaga zote mkekani. Akachukua ya katikati, akaitumbukiza ndani ya ile kubwa kabisa, ikaingia. Akachukua inayoifuata hiyo kubwa kwa ukubwa, ikagoma. Ilikaa juu ya mdomo wa ile ya katikati ikitikisika. Akaibonyeza, akaipiga kwa kiganja, akaizungusha, labda akidhani shida ni upande. Haikuingia. Akazitoa zote mbili, akatulia kidogo, kisha akaanza na ile iliyogoma, na ile ya katikati ikafuata ndani yake bila ubishi.

Zikabaki mbili ndogo. Safari hii hakuwahi kutumbukiza. Alishika moja mkono wa kushoto, nyingine mkono wa kulia, akazisogeza midomo ikagusana, akatazama. Ndipo akaweka. Mara ya kwanza sufuria ndiyo iliyomsahihisha. Mara ya pili alilinganisha kabla ya kutenda. Muda wote huo bibi hakuwa amesema neno, na naamini angesema angeliharibu.

Aliposema, alisema kwa ujanja wa watu waliolea wengi. Bila kushuka kwenye mbuzi, alinyoosha mkono akaitoa sufuria ya katikati, akaiweka kando ya ile kubwa kabisa.

"Hii kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

Akaihamisha, akaiweka kando ya ile ndogo kabisa. "Na sasa?"

Mtoto akacheka kama aliyefumaniwa. "Imekuwa kubwa! Si ile ile, bibi?"

"Ndiyo ile ile, mke mwenzangu."

Mazoezi yetu mengi darasani hayafiki kwenye mshangao huo kwa sababu hutumia vitu viwili tu. Mpira mkubwa, mpira mdogo. Fimbo ndefu, fimbo fupi. Vitu viwili humwezesha mtoto kubandika lakabu: huyu ni Mkubwa, huyu ni Mdogo, basi. Ni kitu cha tatu, kile cha katikati, kinachovunja lakabu, maana hicho hakikubali kuwa na jina moja. Kama ningeruhusiwa kubadili neno moja tu katika maandalio ya somo ya mwalimu wa awali, ningefuta "viwili" na kuandika "vitatu".

Maria Montessori aliliona hili mapema. Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, na zana alizozitumia huko na baadaye ni ndugu wa sufuria za bibi. Kuna mnara wa waridi: vipande 10 vya mche mraba, mdogo kabisa una sentimita 1 kila upande, mkubwa una sentimita 10. Kuna fimbo nyekundu 10, kuanzia sentimita 10 hadi mita 1. Kuna vipande vya duara vyenye vishikio, kila kimoja na tundu lake kwenye gogo, na ukikosea kimoja, cha mwisho hukosa pa kukaa. Kosa linajisema lenyewe, na mwalimu anabaki kuwa mtazamaji.

La kujifunza zaidi kwake ni rangi. Mnara wote ni wa waridi, fimbo zote ni nyekundu. Kama kila kitu kinafanana isipokuwa ukubwa, mtoto hana pengine pa kushika. Linganisha na seti za plastiki zinazouzwa mijini kwa jina la vifaa vya kujifunzia: kikombe kikubwa cha bluu, cha wastani cha njano, kidogo chekundu. Mtoto hujifunza haraka kuwa cha bluu ndicho anachotakiwa kukitaja, na mwalimu hufurahi. Siku ukimletea kikombe kikubwa chekundu ndipo utakapojua alikuwa akijibu swali gani. Makopo matupu yaliyobanduliwa karatasi zake ni bora kuliko plastiki hiyo, na hayagharimu kitu.

Vyuo vya ualimu wa Montessori vipo hapa kwetu, Lushoto kikiwamo kimoja, lakini seti kamili ya mbao zilizochongwa kwa vipimo ni mzigo mzito kwa shule ya kijijini. Njia nyingine ilitafutwa pwani. Mpango wa madrasa za awali ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, ukaenea Zanzibar na Uganda, ulisisitiza zana zinazopatikana hapohapo: vifuu, makombe, mbegu, vizibo. Kifuu ni zana ya ajabu. Hakuna viwili vinavyolingana, kwa hiyo kulinganisha hakuishi.

Sasa lugha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hazina tunayoikalia bila kuifungua. Kiswahili hakina umbo la pekee la kivumishi kwa ajili ya kulinganisha. Tunasema "kikubwa kuliko", "kinazidi", "kinashinda", "kinapita". Wapo wanaoliona hilo kama upungufu. Mimi naona ni zawadi kwa mwalimu, kwa sababu "kuliko" inadai jirani. Ukisema "hiki ni kikubwa kuliko", sentensi inaning'inia mpaka utaje kuliko nini. Tatizo ni kwamba darasani tunaikata sentensi hapo hapo kwenye "kikubwa". Mwalimu anayeuliza "kipi kikubwa?" hupata kidole. Anayesema "niambie habari za hiki na kile" ana nafasi ya kupata sentensi.

Kisha kuna ngeli. Mtoto wa Kiswahili amesikia ukubwa ukitembea ndani ya majina tangu akiwa mgongoni: mlima na kilima, mto na kijito, mji na kijiji, mlango na lango, nyumba, jumba na kijumba, nyoka na joka, kapu na kikapu, ndege na dege. Hata darasa lenyewe wazee wetu waliliita shule ya vidudu, yaani ya wadudu wadogo. Mwalimu akiweka kapu na kikapu mbele ya watoto na kuwaacha wabuni wenyewe jina la kile kidogo zaidi, "kijikapu" hutoka bila kufundishwa. Sijui kwa nini mchezo huu huachwa hadi darasa la sarufi, ukiwa umeshakufa.

Lakini lugha hiyohiyo ina mitego. "Mkubwa" ni mwenye umbo kubwa, na pia ni aliyezaliwa mbele. Kaka mkubwa aliyepitwa kimo na mdogo wake ni kitendawili halali kwa mtoto wa miaka mitano, na jibu lake "mkubwa ni mfupi" si ujinga. "Refu" hubeba mnazi uliosimama, kamba iliyolala na kisima kilichozama, vyote kwa neno moja. "Kidogo" ni kikombe kidogo, na ni uji kidogo, na ni "subiri kidogo". Halafu tunasema "kubwa kidogo", maneno mawili yanayovutana katika pumzi moja, na tunashangaa watoto wakicheka. Juu ya hayo, neno lenyewe hubadilika sura: kirefu, mrefu, ndefu, marefu. Kwa mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kisukuma au Kimaasai na Kiswahili amekikuta shuleni, hayo ni maneno manne mapya. Akiwa na vijiti mkononi, mkono humshikia maana wakati ulimi unatafuta njia.

Mtaalamu aliyetikisa uwanja huu ni Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki 1980. Alimwaga maji kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba mbele ya watoto, na wale wa chini ya miaka sita au saba wengi walisema sasa maji yamekuwa mengi. Walitazama kimo, wakasahau upana. Aliwapa vijiti 10 wavipange kuanzia kifupi hadi kirefu. Wadogo walipanga viwiliviwili au vitatuvitatu, bila mstari mmoja unaopanda. Kutokana na hayo, vizazi vya walimu vilifundishwa kuwa mtoto wa awali "hajafikia" kulinganisha, na wengine wakaona heri kumwachia chati.

Hukumu hiyo ilikuwa nzito mno. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson, huko Uskoti, walirudia jaribio la aina hiyo, ila safari hii vitu havikusogezwa na mtu mzima bali "vilivurugwa" na mwanasesere dubu mtundu. Watoto waliojibu sawasawa waliongezeka sana. Inaelekea wengi hapo kwanza walikuwa wakimsoma mtu mzima: kama mwalimu amesogeza kitu halafu akauliza tena swali lilelile, bila shaka anataka jibu jingine. Mwalimu yeyote aliyezoea kurudia swali mtoto akikosea, na kunyamaza akipatia, anapaswa kulifikiria hilo.

Kwetu sisi linalogusa zaidi lilitoka Senegal. Patricia Greenfield alifanya jaribio la maji kwa watoto wa Kiwolofu ambao hawakuwa wakisoma shule, akachapisha matokeo 1966. Mtu mzima alipomimina, baadhi ya watoto walieleza kuwa maji yameongezeka kwa sababu yeye ndiye aliyeyamimina, kama vile mkono wake una uwezo wa pekee. Walipomimina wenyewe, wengi zaidi walisema maji ni yaleyale. Maji yaleyale, glasi zilezile, mkono tofauti. Na Mexico, mwaka 1969, watafiti waliona kuwa watoto wa familia za wafinyanzi waliwashinda wenzao katika kutambua kwamba donge la udongo likibadilishwa umbo halipungui wala haliongezeki. Nani hapa kwetu hajaona mtoto aliyekulia penye kusukuma chapati akikata madonge ya kulingana kwa kuyatazama tu?

Ndiyo maana siridhiki na neno "vitendo" linavyotumika katika baadhi ya miongozo na semina. Mwalimu kuonyesha sufuria mbele ya darasa ni vitendo vya mwalimu. Mtoto mmoja kuitwa mbele wakati wenzake wamekunja mikono ni vitendo vya mtoto mmoja.

Kila sifa ina ufundi wake, na hazifundishwi kwa mkupuo. Urefu unahitaji mstari wa kuanzia. Mpe mtoto vijiti viwili na atavishika hewani, kimoja kimepanda, kingine kimeshuka, kisha atatangaza kilichopanda ndicho kirefu. Usimwambie "sawazisha chini". Mwache asimame mgongo kwa mgongo na mwenzake aliyepanda kizingiti, na darasa zima litapiga kelele, "Ashuke!" Kanuni ya mstari wa kuanzia wanaijua tayari kwa wivu, kazi ni kuihamishia kwenye vijiti. Hapo hapo nionye jambo. Kulinganisha miili ya watoto ni mchezo unaogeuka haraka. Yule mfupi kabisa atabaki na jina hilo uwanjani mwaka mzima, na mnene hivyohivyo. Kupima nyayo mchangani kunatosha, au vivuli saa mbili asubuhi, kisha vilevile saa sita vikiwa vimenywea.

Upana wa kitu hulinganishwa kwa kutandika kimoja juu ya kingine: kanga juu ya mkeka, jani la mgomba juu ya jani la mwembe. Ujazo hulinganishwa kwa kumimina, na mchanga ni bora kuliko maji kwa sababu ukimwagika hauleti ugomvi. Vifaa vidogo kama mbegu na vizibo vikae mbali na wa miaka mitatu, ambao hulinganisha kwa mdomo.

Uzito ni hadithi nyingine kabisa, na ndio unaoumbua imani kwamba kikubwa ndicho kizito. Mpe mtoto mto wa sufi mkono mmoja na betri ya tochi mkono wa pili. Funga kijiti kamba katikati, ning'iniza kifuu kila ncha, wapime wenyewe. Hata sisi wazima tuna udhaifu hapa: vitu viwili vyenye uzito sawa, kimoja kidogo kingine kikubwa, kile kidogo mkononi huonekana kizito zaidi, jambo lililochunguzwa tangu 1891 na daktari Mfaransa, Charpentier. Mwalimu anayejaribu mbele ya watoto na kukosea pamoja nao hapungukiwi chochote.

Baada ya kulinganisha ana kwa ana huja kulinganisha kwa mjumbe. Mlango na meza haviwezi kusimamishwa pamoja, lakini kamba inaweza kutoka huku ikaenda kule. Bryant na Trabasso walionyesha 1971 kuwa hata watoto wa miaka minne wanaweza kuunganisha, kwamba hiki kinazidi kile na kile kinazidi cha tatu, mradi wasaidiwe kukumbuka hatua za mwanzo. Hapo ndipo shibiri na dhiraa za wazee zinapopata kazi. Shibiri mbili dhiraa, dhiraa nne pima. Mtoto na mwalimu wapime mkeka mmoja kwa shibiri, waone mwalimu anapata chache. Kwa nini mkono mkubwa ulete hesabu ndogo? Swali hilo linaweza kukaa darasani wiki nzima bila jibu, na ni sawa.

Wapo watakaosema haya ni ya madarasa ya watoto 20. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa angalau mwaka mmoja nchini Tanzania, na Kenya ina miaka miwili, PP1 na PP2, kabla ya gredi ya kwanza. Watoto wameingia; vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mmoja mwenye watoto 80 hawezi kumpa kila mmoja seti ya sufuria. Pingamizi hilo nalichukua kwa uzito, ila silikubali lote. Watoto 80 wanaweza kuleta vijiti 80 kutoka uwanjani kwa dakika tano, na kila mmoja akatafuta mwenye kijiti kirefu kuliko chake. Kona za ujifunzaji zinaweza kupokea kundi moja kwa siku, mengine yakiimba au kuchora. Kigumu zaidi ni mzazi. Analipa, au amejinyima, na anataka kuona daftari limejaa. Mchanga uliomiminwa hauachi wino. Nimewasikia walimu wazuri wakikiri kuwa huacha vifuu saa nne na kurudi kwenye madaftari, ili saa sita kila mtoto aondoke na alama ya vema.

Kwa mzazi huyo ningeanza na sokoni. Mkulima anayeuza kwa gunia, akatakiwa alijaze mpaka lifungwe kofia juu, yaani lumbesa, anaumizwa na swali hili hili la awali: gunia ni moja kwa idadi, je ni moja kwa ukubwa? Mama anayepimiwa maharage kwa kopo lililobonyezwa kitako kuelekea ndani anatazama kimo, kama watoto wa Piaget, na kimo kinamdanganya.

Lililobaki ni namna ya kujua kama mtoto ameelewa. Zoezi la "paka rangi kilicho kikubwa" halisemi kitu. Kati ya picha mbili, hata anayebahatisha atapatia nusu. Afadhali kumpa kazi ya kutengeneza. Katika darasa moja nililoketi nyuma, mwalimu aliweka mezani matonge mawili ya unga uliokandwa, moja kama limau, jingine kama chungwa, akasema, "Nifanyieni tonge kubwa kuliko hili, lakini dogo kuliko lile." Hakusema zaidi. Kijana mmoja wa miaka mitano, kamasi zikimtoka, aliviringisha lake, akalitia katikati ya yale mawili, akainama mpaka kidevu kikagusa meza ili ayaone kwa usawa. Lilikuwa limelingana na chungwa. Akamega kipande, akatafuta pa kukiweka, hakupata, akakitia mdomoni, kisha akaliviringisha upya na kulirudisha katikati.